Neno "Kupanda" na Kazi Zake

Leo twaleta mbele yenu neno moja tu, nalo ni neno ambalo hapana mtu anayesema Kiswahili asiyelijua. Mwanafunzi wa Bariadi akisoma katika kitabu chake, "Yule bwana alipanda farasi akaenda zake," hana haja ya kufungua kamusi wala kumwuliza mwalimu, ijapokuwa yumkini hajapata kumwona farasi kwa macho yake. Neno lenyewe ni la nyumbani. Walakini neno hilohilo jioni atalisikia likitajwa juu ya pamba, juu ya bei, juu ya ng'ombe wa jirani, na juu ya mgonjwa aliyelala kitandani. Naye hulielewa mara zote bila kusimama kufikiri. Twataka kuonyesha jinsi neno hili linavyofanya kazi zote hizo, na mahali ambapo, mtu asipoangalia, laweza kumpotosha yeye au kumpoteza mwenzake.

Tuanze na farasi mwenyewe. Katika nchi ya Wasukuma, pande za Maswa na Bariadi mpaka kwenye mto Simiyu, farasi hakupata kuwa mnyama wa watu wengi, na sababu yake si uvivu wala umaskini. Mbung'o, ambaye wengi wa bara humwita ndorobo, alikuwa amezishika nyika nyingi za sehemu hizi, hata katika miaka ya 1920 na 1930 maelfu ya watu wa Shinyanga walitoka kufyeka mapori ili wamfukuze. Ng'ombe huumwa na kufa kwa ugonjwa auletao mdudu huyo, na farasi hufa upesi zaidi. Tena iko tauni ya farasi wenyewe, inayoletwa na vidudu vidogo virukavyo usiku. Mwaka 1916, katika ile Vita Kuu ya kwanza, jeshi la wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini lilifika Kondoa Irangi likiongozwa na Jenerali Van Deventer. Farasi wao walikufa kwa wingi njiani na baada ya kufika, na wapanda farasi wengi wakawa watu wa kwenda kwa miguu. Basi mtu asishangae kwamba babu zetu wa bara hawakutandika farasi.

Pwani ndiko farasi aliko na jina la zamani, na jina lile si la Kibantu. Neno "farasi" ni la Kiarabu. Vilevile "hatamu", ile kamba ashikayo mpandaji. Na "lijamu", kile chuma cha kinywani. Na "seruji", tandiko la mgongoni. Vyombo vyote vilikuja pamoja na mnyama, na majina yake yakaja nayo. Walakini tendo lenyewe la kuketi juu ya mgongo halikuhitaji jina geni. Wageni walikuwa nalo neno lao, "rakibu", nalo limo katika makamusi ya Kiswahili hata leo. Lakini nani hulisema? Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kupanda minazi, na vilima, na ngazi, na vyombo vya baharini, muda mrefu kabla ya kumiliki farasi, na walipomwona mnyama mrefu mwenye mgongo walimpanda kama walivyopanda vitu hivyo vingine. Methali yasema, "Mpanda farasi wawili hupasuka msamba." Mwenye kuitunga alikuwa amewahi kuwaona farasi, hapana shaka, lakini neno la kwanza la methali yake ni kongwe kuliko farasi wote wa pwani.

Maana ya asili, basi, ni kwenda juu, au kujiweka juu ya kitu. Tazama mabaharia wanavyolitumia. Abiria hupanda chomboni, na hilo ni jepesi. Lakini husemwa pia kwamba chombo chenyewe kimepanda mwamba, maana yake kimekwama juu ya jiwe, na hiyo ni habari ya msiba. Mtu wa bara akisikia kwamba jahazi limepanda, asidhani kwamba limeendelea vizuri.

Kutoka hapo neno likaingia bara pamoja na misafara, likakuta punda, kisha baiskeli, kisha gari moshi. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo hupita Malampaka katika wilaya ya Maswa. Tangu wakati huo mtu wa Bariadi aliyetaka kwenda Tabora au Dar es Salaam aliweza kwenda Malampaka "kupanda treni". Fikiri kidogo juu ya maneno hayo. Mtu hakai juu ya treni kama akaavyo juu ya punda. Huingia ndani, akafunga mlango, akanunua chungwa dirishani. Hata hivyo twasema amepanda. Vivyo hivyo kwa basi, na kwa ndege. Ile hatua moja ya kuinua mguu kutoka ardhini hata kwenye kipandio ndiyo iliyolibakiza neno mahali pake. Na "kipandio" nalo ni neno la kulitunza: ni kitu chochote cha kuwekea mguu ili kupanda, kama kikuku cha farasi au ngazi ndogo ya mlango wa gari. Kitu au mnyama anayepandwa huitwa "kipando". Siku hizi pikipiki ndiyo kipando cha watu wengi katika vijiji vya Simiyu.

Neno likishazoea kumwinua mtu, huanza kuinua na vitu visivyo na miguu. Maji ya mto hupanda wakati wa masika. Homa hupanda usiku. Afisa hupanda cheo, au hupandishwa. Bendera hupandishwa asubuhi mbele ya shule. Bei hupanda, na hapa wakulima wa pamba wanasikiliza, kwa kuwa mkoa wa Simiyu, uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012 na makao yake makuu yakawekwa Bariadi, ni mmoja wa mikoa inayotoa pamba nyingi kuliko yote katika Tanzania. Bei ya pamba ikipanda ni furaha. Bei ya dawa ya wadudu ikipanda ni huzuni. Neno ni lile moja, wala halijali mfuko wa nani unajaa.

Wafugaji nao wana matumizi yao. Dume humpanda jike, na mwenye ng'ombe hupeleka mtamba wake "kupandishwa". Wengine huona haya kulisema mbele ya watoto, lakini katika nchi ya ng'ombe ni neno la kazi kama jembe, na mfugaji hodari huandika tarehe ng'ombe wake alipopandwa, kwa sababu tangu siku ile atahesabu siku 280 hivi, naye atajua juma ambalo ni lazima awe karibu na zizi. Mtaalamu wa mifugo akija kupandisha ng'ombe kwa mrija pasipo dume, husema "uhimilishaji", neno zuri. Lakini sikiliza wenye mifugo, wao husema tu kwamba amekuja kupandisha.

Sasa twafika mahali ambapo neno limemgeuza mtu. Mpaka hapa mtu ndiye mpandaji. Lakini husemwa pia, "Amepandwa na hasira," na "Amepandwa na pepo." Hapo mtu ndiye mnyama, na kitu kingine kimeketi mgongoni mwake na kushika hatamu. Jambo hili si la Waswahili peke yao. Wahausa wa Afrika ya Magharibi, katika ngoma zao za bori, humwita aliyepagawa "farasi" wa pepo, na watu wa Haiti mbali ng'ambo ya bahari husema hivyohivyo. Watu wa pwani yetu hawakumwita farasi. Walimwita "kiti" cha pepo. Lakini neno la kutenda ni lile la kupanda, na picha yake ni moja.

Kusema kwamba mtu amepandwa na hasira hakuna madhara, maana kila mtu ajua kwamba hasira haina miguu. Hatari iko kwa mtoto. Mtoto mdogo mwenye homa kali huweza kukakamaa mwili, akageuza macho na kutetemeka, ndiyo degedege. Mara nyingi katika nchi zetu chanzo chake ni malaria iliyofika mbali. Akiwapo mtu mzima anayeheshimiwa akasema, "Mtoto amepandwa," basi neno moja limekwisha kuamua safari itaelekea wapi, na huenda saa nyingi zikapita kwa mganga kabla mtoto hajafikishwa hospitali. Malaria ya namna hiyo haingoji saa nyingi. Mimi naona ni afadhali mzazi aseme lile aliloliona, yaani mtoto ana homa na anakakamaa, akimbilie kwa tabibu, na maneno ya kupandwa ayaache yakae katika ngoma.

Mpaka sasa tumekwenda na neno moja, kutoka mnazi hata farasi, kutoka farasi hata bei na pepo. Lakini liko neno la pili, limevaa nguo zilezile. Kupanda mbegu: kuifukia ardhini ili iote. Mtu aweza kutafuta undugu kati ya mambo haya mawili, akasema labda ni kwa kuwa mmea huja juu. Ni dhana ya kupendeza, lakini lugha yenyewe yakataa. Apandaye mbegu huitwa "mpanzi", kama apendaye aitwavyo "mpenzi". Apandaye farasi haitwi mpanzi hata siku moja. Ni "mpanda farasi" au "mpandaji". Tena tazama lugha za jirani. Wakikuyu wa Kenya, ambao mara nyingi huweka "h" pale tuwekapo "p" sisi, husema "handa" kwa kupanda mbegu. Lakini kupanda mlima au baiskeli husema "haica", neno jingine kabisa. Kwao maneno mawili yamebaki mawili. Kwetu yamekutana njiani yakawa na sauti moja, na makamusi yetu huyaandika mbalimbali, kila moja na namba yake. Msomaji na ajaribu kuyasema yote mawili katika lugha ya nyumbani kwake, aone kama yanafanana.

Neno hili la pili nalo lina watoto wake. Kuhamisha mche kutoka kitaluni na kuutia shambani ni "kupandikiza". Kipande cha shina kinachokatwa ili kioteshwe ni "kipandikizi". Mbolea inayotiwa shimoni pamoja na mbegu huitwa "mbolea ya kupandia", nayo hutofautishwa na ile ya kukuzia, itiwayo baadaye. Mkulima anayezichanganya majina hupoteza fedha yake. Na wazee walikuwa na maneno mengine mazuri ambayo yanaanza kusahauliwa: "kusia" mbegu ni kuzimwaga kwa mkono zitawanyike, na "kuatika" ni kupandikiza miche. Mtu mkubwa wa kutisha huitwa "pandikizi la mtu", na siku hizi mtu aliyeingizwa kwa siri katika kundi ili alipeleleze huitwa pandikizi vilevile.

Masikio ya mkulima yana kazi kubwa hapa kuliko macho yake. Pamba katika sehemu hizi hupandwa Novemba na Desemba, mvua za kwanza zikiisha kulainisha ardhi, na mtu akichelewa mimea hukutana na wadudu na ukame ikiwa bado michanga. Wakati huohuo ndipo habari za mbegu zinapotangazwa. Sasa sikiliza sentensi mbili. "Mbegu za pamba zimepanda." "Mbegu za pamba zimepandwa." Ya kwanza yasema kwamba bei yake imekuwa kubwa. Ya pili yasema kwamba zimekwisha kutiwa ardhini. Sauti moja ndogo tu, "w", inayotoka midomoni kama pumzi, ndiyo inayotenga habari hizi mbili. Na redio ikikwaruza, au mtu akizungumza kwa simu huku upepo unavuma, sauti ile ndiyo ya kwanza kupotea. Msemaji mwema husema "bei ya mbegu imepanda", akamaliza shaka.

Iko na "panda" isiyo tendo bali kitu, nayo tutaipitia upesi. Mahali tawi linapogawanyika mara mbili ni panda. Mti wa umbo hilo, ukifungwa mpira na kiraka cha ngozi, ndiyo panda ya watoto, ambayo wengine huiita manati, adui wa ndege wote wa mashambani. Njia ikigawanyika ni "njia panda", na mtu asiyejua ashike shauri lipi husema yuko njia panda. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu huacha dawa zao mahali hapo usiku, na asubuhi wapitao huzikwepa. Tena panda ni pembe ya kupiga mbiu.

Tumeacha mwisho jambo lenye uzito kuliko yote. Maneno mengi tuliyoyataja hujulikana kwa rafiki yake: panda na farasi, panda na pamba, panda na bei. Akitajwa rafiki, shaka huondoka. Lakini yuko rafiki mmoja anayewapokea wote wawili sawasawa, naye ni mti. "Baba yangu alipanda mwembe ule." Je, aliutia ardhini ukiwa mche, au aliukwea kuchuma maembe? Sentensi haisemi. Ukisema "aliupanda", haisemi vilevile. Ukiigeuza, "mwembe ule ulipandwa na baba," wasikilizaji wengi wataelekea kwenye mche, lakini mbishi aweza bado kubisha.

Na mti si jambo dogo. Pwani na visiwani tangu zamani mtu aliweza kuwa na minazi au mikarafuu yake katika ardhi ya mtu mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Usukumani watu hupanda minyaa na katani kuzunguka miji yao na kwenye mipaka ya mashamba, na mstari wa minyaa iliyokomaa ni kama maandishi: waonyesha ni nani aliyekaa hapo na mpaka wake uliishia wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la ardhi katika kijiji, lenye watu saba, na watatu wao kwa uchache ni wanawake, ili kusuluhisha magomvi ya namna hii. Mbele ya baraza hilo shahidi mzee husema kwa lugha yake, mtu humfasiri kwa Kiswahili, na katibu huandika. Katika lugha ya shahidi huenda maneno ni mawili yasiyokaribiana. Katika kitabu cha katibu limebaki moja.

Tuseme shahidi ameeleza kwamba alipokuwa mtoto, yeye na jirani yake walikuwa wakikwea mwembe ulioko mpakani. Mfasiri asema, "Walikuwa wakipanda mwembe." Katibu aandika. Miaka kumi inapita, mzee amefariki, kijana wa jirani aleta kitabu kile na kusema, "Tazameni, imeandikwa kwamba baba yangu alikuwa mmoja wa waliopanda." Hapana aliyesema uongo hapo, wala mzee, wala mfasiri, wala katibu, na kijana yule asoma maneno kama yalivyo.

Dawa yake Kiswahili kinayo tayari, wala haigharimu kitu. Aliyekwenda juu ya mti, mwandikie "alikwea". Ni neno lililo safi, na ndilo lililotupa "mkwezi", yule aangushaye nazi kwa ujira. Aliyeutia ardhini, andika "alipanda mche wa mwembe", au "aliotesha mwembe", ukaongeza mwaka kama unajulikana, au mvua za mwaka gani, au mtoto gani alikuwa amezaliwa. Kwa minyaa andika kwamba vipandikizi vilichomekwa na nani, kutoka wapi hata wapi. Na mfasiri anapotaja kupanda mti, katibu ana haki ya kuinua kalamu na kuuliza mbele ya wote, "Kwa mikono na jembe, au kwa mikono na miguu?" Watu watacheka kidogo. Kisha shahidi atajibu, na jibu lake liandikwe.